Mgonjwa Asiyeumwa

Aliyesema mwenye njaa hana miiko hakuwahi kusafiri na mimi. Nilipanda ndege na njaa, nikashuka na njaa, na miiko yangu yote nilikuwa nayo.

Ndani ya ndege waliniletea kuku. Nikasema sili nyama. Mhudumu akanitazama kwa huruma, akaniambia hiyo si nyama, ni kuku. Nikamrudishia kuku wake. Nikala kipande cha mkate na siagi, nikafumba macho, na nilipoyafumbua tulikuwa tumetua kwenye nchi ya watu. Na huyo hapo nje, kanyoosha shingo juu ya vichwa vya wenzake, ananitafuta.

Fundi wangu jamani. Mrefu, mikono mipana yenye grisi isiyotoka kwa sabuni yoyote ile, na macho yanayoanza kucheka kabla ya mdomo. Kazi yake huko ugenini ni kutengeneza lifti. Mwaka uliopita alikuja nyumbani likizo, akataka kujifunza kuendesha gari, na shule yetu ya udereva ikamtupia kwangu, maana wanafunzi wagumu wote huwa wangu. Aligonga kila nguzo ya mazoezi. Siku aliyorudi nyuma bila kugusa kitu alizima gari, akanigeukia, akasema, "Mwalimu, sasa nikwambie ukweli. Kurudi nyuma nilijua tangu wiki ya kwanza. Nilikuwa natafuta sababu ya kubaki." Nilicheka mpaka machozi. Tangu siku hiyo yeye ni Fundi, mimi ni Mwalimu, na mapenzi yetu yakakaa kwenye simu.

"Mwalimu!"

"Fundi! Kabla hujanikumbatia, nipe chakula."

"Nikukumbatie kwanza."

"Nitakung'ata."

"Wewe? Wewe si huli nyama?"

Nikashindwa. Nikajitupa kifuani kwake palepale, watu wakitupita na mabegi yao, wala sikumwonea mtu haya.

Nikwambie mapema ili tuelewane: mimi sikwenda kutalii. Nilikwenda kuonekana na mama yake. Huyo mama alihamia huko na watoto wake wawili wakiwa wadogo, akawalea peke yake, na Fundi alishaniambia tangu mwanzo bila kuficha, "Mama akikataa, mimi sitaweza kuoa." Wengine wangekasirika. Mimi nilimwambia vizuri, nipeleke, anione kwa macho yake. Sijawahi kufeli mtihani wa ana kwa ana.

"Ulimwambia kwamba sili nyama?" nilimuuliza ndani ya teksi.

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Aah, mama hana neno. Alielewa kabisa."

Alisema hivyo akiangalia taa za barabarani. Mimi, ninayeshinda nikiwafokea watu wazima waangalie vioo vya pembeni, kioo hicho sikukiangalia.

Kwa mama yake tulitakiwa alasiri, na asubuhi yote ilikuwa yetu. Tukaenda kunitafutia chakula. Mkahawa wa kwanza walituletea njegere zenye vipande vya nyama ndani. Fundi akamwita mhudumu, akamweleza kwa lugha ya pale. Mhudumu akachukua uma, akavitoa vile vipande kimoja kimoja mbele ya macho yangu, akaisukuma sahani tena kwangu, akatabasamu.

"Anasemaje?"

"Anasema sasa haina."

"Mwambie na mchuzi nao auokote."

Mkahawa wa pili waliniletea kachumbari, nikashukuru Mungu, kumbe juu wamenyunyizia soseji iliyokatwa vidogo vidogo. Fundi akauliza. Wakajibu hayo ni mapambo. Tukatoka tukicheka, lakini nakuapia, tumbo langu halikuwa linacheka.

Wa tatu ulikuwa kichochoroni, meza nne tu, na mpishi mwanamke mnene aliyetoka jikoni mwenyewe kuja kuniangalia. Hapo ndipo nilipomwona mwanamume wangu. Alisimama, akaweka mkono wake begani kwangu, akasema na yule mama kwa sauti ya kifua, bila kubabaika. Nikamwuliza amesema nini.

"Nimesema mwenzangu hali nyama. Hali supu ya mifupa, hali mafuta ya nyama, na ni mzima wa afya, ndivyo alivyo na ndivyo ninavyompenda."

"Hayo ya mwisho ulimwambia kweli?"

"Muulize."

Yule mpishi alikuwa ameshika kiuno, anacheka. Akamwashiria Fundi aingie jikoni. Akaingia! Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona amesimamia kikaango kinaoshwa upya, amekunja mikono ya shati, ananyoosha kidole pale ambapo hapajatakata. Nililetewa mayai, uyoga na viazi vya kukaanga, vikitoa moshi. Nikala, yeye akinitazama tu.

"Mbona unanitazama?"

"Nafanya mazoezi. Nataka nikutazame ukila maisha yangu yote."

Jamani, mnisamehe. Nilimpenda upya, pale pale, mdomo umejaa viazi.

Mama yake alikuwa anakaa ghorofa ya saba kwenye jengo la zamani. Nyumba ndogo, safi, mapazia yamepigwa pasi. Ukutani palikuwa na picha moja tu, ya mwanamume aliyekonda, macho yake ni yaleyale ya Fundi. Dada mkubwa alitufungulia mlango, bado amevaa sare ya kazini kwake, kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli. Akanikumbatia kwa uangalifu wa ajabu, utadhani nimebeba mayai.

"Karibu wifi. Polepole, kuna kizingiti."

Mama akatoka jikoni akijifuta mikono. Mwanamke mfupi, mgongo umenyooka, na jicho kali kweli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa, kaa, usisimame sana."

Nikajiuliza nisisimame kwa nini. Lakini mgeni hajiulizi kwa sauti. Nikakaa. Meza ilikuwa imejaa, na katikati palikuwa na sufuria kubwa ya nyama iliyoiva mpaka inaachia mfupa. Fundi alikaa mkabala nami. Nikamtupia jicho la kumtania. Hakulipokea.

Mama akaweka mbele yangu bakuli lililofunikwa, akafunua mwenyewe.

"Chako sikukichanganya na chao. Uji mwepesi, sikutia chumvi wala sukari. Kunywa taratibu, na ukiona unachoma, uache."

"Ahsante mama. Lakini uji unichome kwa nini?"

"Usijilazimishe kwa ajili yetu, mwanangu. Mwenzako ameshaniambia yote."

"Yote yapi, mama?"

"Habari za tumbo lako." Akaushika mkono wangu. "Vidonda vya tumbo si mchezo. Daktari kakukataza nyama, na sisi tunaikataza."

"Pole sana wifi," dada mkubwa akadakia. "Umeugua muda mrefu?"

Nikamtazama Fundi. Alikuwa anachunguza kijiko chake, akikigeuza huku na huku. Wahenga walituambia mficha maradhi kifo humuumbua. Anayeficha uzima wa mwenziwe hawakutuambia ataumbuliwa na nini.

Nilikuwa naanza kufungua mdomo, mama akaniwahi.

"Mimi kuzungukazunguka siwezi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko nilivyotarajia. "Umetoka mbali, una adabu, na unamwangalia mtu usoni. Nimekupenda, sikufichi. Ungekuwa mzima, leo hii ningepiga vigelegele. Lakini unaiona picha ile? Nilimuuguza mume wangu kwa tumbo hilohilo, uji huohuo, mpaka nikamzika. Mtoto wa kiume ninaye mmoja. Siwezi kumkabidhi kitanda cha mgonjwa naye bado kijana. Nisamehe, mwanangu. Ndoa hii sitaikubali."

Hakuna aliyegusa chakula. Mama mwenyewe macho yamemlowa.

Nilikuwa na njia mbili. Niseme, "Mama, mimi mzima," na mwanawe awe mwongo mezani kwa mama yake, tena kwa mkono wangu. Au ninyamaze, nirudi kwetu nikiwa marehemu mtarajiwa. Njia ya tatu ilikuwa mdomoni kwa Fundi. Basi nikaamua kumpa nafasi. Nikachukua kijiko, nikaanza kunywa ule uji, kijiko baada ya kijiko, macho yangu kwake. Sema, mpenzi wangu. Sema sasa. Haukuwa na chumvi, haukuwa na sukari, haukuwa na chochote, na niliunywa wote.

Bakuli lilipokwisha, Fundi alikohoa.

"Mama," akasema, "hayo tutazungumza baadaye."

Baadaye!

Nikasimama. "Mama, ahsante kwa chakula. Nimekimaliza kwa heshima yako. Mengine atakueleza mwanao, akishapata ulimi."

Nikachukua mkoba wangu, nikatoka. Nyuma nilisikia kiti kinaanguka. Alinikuta mbele ya lifti.

"Mwalimu, subiri. Ingia tuzungumze."

"Lifti unayoitengeneza wewe? Sipandi!"

Nikashika ngazi. Akanifuata, anateremka nusu kwa kuruka, mimi mbele, visigino vyangu vinapiga kelele jengo zima. Milango ikaanza kufunguka. Majirani hawakuelewa neno hata moja, lakini ugomvi wa wapendanao hauhitaji mkalimani.

"Nisikilize basi!"

"Nilikusikiliza kwenye teksi. Mama hana neno! Mama alielewa kabisa! Kumbe alielewa kwamba nakufa!"

"Hujui nyumba yetu ilivyo. Mama hakuwa na kitu kingine cha kutupa. Alikuwa anarudi kazini miguu imevimba, anasimama jikoni, anapika. Ukiisukuma sahani yake umemsukuma yeye. Mjomba aliwahi kukisusa chakula chake, na mpaka leo hakanyagi pale. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anairudisha sahani na mama hasemi kitu. Baba. Kwa sababu ya tumbo."

Nikasimama kwenye kona ya ngazi, nikamgeukia.

"Ndiyo ukaniazima ugonjwa wa baba yako."

Akajifuta uso kwa kiganja.

"Ukamrudisha mama yako kwenye msiba wake, ili wewe usiulizwe swali moja."

"Nilidhani atakuhurumia."

"Amenihurumia! Amenihurumia mpaka ameninyima mume!"

Mzee wa mlango wa karibu akatikisa kichwa. Sijui alikuwa upande wa nani.

"Ulinidanganya kuhusu kurudi nyuma, nikacheka," nikasema, na sasa sauti ilianza kunisaliti. "Ulikuwa uongo wa kunisogelea. Huu ni wa kunificha. Leo asubuhi ulisimama mbele ya wahudumu usiowajua, mbele ya mpishi mwenye kisu, ukasema mwenzangu hali nyama na ni mzima wa afya. Sauti ya kifua! Nikasema moyoni, nimepata mume. Kumbe sauti hiyo haifiki kwa mama yako. Fundi, mimi wa kunitetea kwa wahudumu simhitaji. Kwa wahudumu najitetea mwenyewe."

"Mwalimu..."

"Leo nimekataa nyama, umesema naumwa tumbo. Kesho nikikataa jambo lingine utasema naumwa kichwa?"

Nami sikutaka kulia mbele ya majirani wa watu, kwa hiyo nikasema haraka lililobaki.

"Nakupenda. Nimepanda ndege na njaa kwa ajili yako. Lakini keshokutwa narudi kwetu, na kama mama yako hajaujua ukweli mpaka saa hiyo, simu usinipigie. Mlango uko kule juu. Nenda."

Nilidhani atanishika mkono, aanze kubembeleza. Angefanya hivyo ningeteremka ngazi zilizobaki na sura hii ya maisha yangu ingefungwa. Hakunishika. Alinitazama tu, muda, kwa macho ambayo kwa mara ya kwanza tangu nimjue hayakuwa na kicheko. Halafu akashika reli ya ngazi, akainua uso juu, akaita kwa nguvu zake zote.

"Mama!"

Jengo likaitika.

"Mama! Haumwi! Ni mimi niliyekudanganya! Haumwi tumbo, haumwi kitu chochote!"

Juu kabisa kikatokea kichwa cha dada mkubwa, kisha cha mama, ameegemea reli.

"Unasemaje wewe?"

"Hali nyama kwa sababu hataki! Niliogopa kukuambia! Ni mzima, mama. Mimi ndiye mwoga!"

Majirani nao wakatazama juu, wakatazama chini. Mama alipozungumza sauti yake ilitetemeka, si kwa uzee.

"Umenitajia ugonjwa wa baba yako. Kwa uongo."

"Ndiyo, mama."

"Usiku ule uliponipigia simu kuniambia, nilikesha nikilia. Ulijua?"

"Sikujua. Nisamehe, mama."

Hakumsamehe, si pale. Alitoka kwenye reli, tukasikia nyayo zake. Anateremka. Dada mkubwa anamwambia apande lifti, hasikii. Ngazi moja, anapumzika, ngazi nyingine. Fundi alikuja akasimama kando yangu, na mkono wake ukautafuta wangu. Niliuacha uukute. Mama aliiona mikono yetu kabla hajatufikia, na Fundi hakuuondoa wake.

Mama akasimama ngazi moja juu yangu, tukawa sawa kwa kimo. Alinitazama mimi tu, mwanawe hakumtupia hata jicho.

"Kweli wewe mzima?"

"Mzima, mama."

"Tumbo?"

"Halijawahi kuniuma ila kwa njaa."

"Nani kakukataza nyama?"

"Hakuna. Nilikuwa msichana, nikaona kula kitu kilichokuwa kinanitazama siwezi. Kwetu walinichapa, walinibembeleza, wakachoka."

"Sasa mimi nikikupikia." Akavuta pumzi. "Nikisimama jikoni na miguu hii, nikakuandalia kwa mikono yangu mwenyewe, nikakuwekea mezani. Hutakula?"

Mkono wa Fundi ulibana wangu. Nilijua swali lile lina uzito gani. Nilijua habari za mjomba. Jibu la kumpata mume lilikuwa karibu, tena jepesi: kidogo, mama, kwa heshima yako. Nilimtazama usoni, yule mama aliyenipenda hata aliponidhania mgonjwa.

"Wewe nitakupikia nyama, mama, nayo itaiva vizuri, kwa sababu baba yangu ana bucha. Lakini mimi sitaila. Hata ukipika wewe, mama."

Dada mkubwa, kule juu, akasema, "Bucha?" na hakuna aliyemjibu.

Mama akainua mkono. Nikajua ninapigwa kibao, na nikakaa tayari, sikurudi nyuma. Aliuweka mgongo wa mkono wake kwenye paji la uso wangu, namna wanavyopimwa watoto homa. Akauteremsha shavuni. Akauweka shingoni, pale mishipa inapopiga, akauacha hapo muda mrefu, akisikiliza. Midomo yake ikaanza kucheza.

"Hana homa," akajisemea mwenyewe. "Damu yake inakwenda vizuri."

Machozi yakamtoka, na yangu yakayafuata, na sikujali tena majirani.

"Usile nyama, mwanangu," akasema. "Usile kabisa. Wewe ishi tu."